Tumbo la Mdogo Wangu na Msiba Tuliounyamazia

Ndugu na marafiki wameniuliza mara nyingi kama ushauri nasaha wa familia unasaidia kweli au ni maneno tu ya watu waliosoma. Huwa najibu kwa kifupi kwamba unasaidia, kisha nabadilisha mazungumzo, kwa sababu jibu lenyewe ni refu na linawahusu mama, baba na mdogo wangu kuliko linavyonihusu mimi. Wote watatu wameyasoma haya na wamekubali yasomwe na wengine.

Kaka yetu, kifungua mimba, alifariki kwa ugonjwa wa ghafla. Alikuwa kijana mzima wa afya. Homa ikaanza, na kabla hatujaelewa kinachotokea tukawa tunazika. Watu walikuja, wakalia nasi, wakaondoka. Tulipobaki wanne kila mmoja akajishikia lake. Mama alilia. Baba alijizika kazini: alitoka alfajiri, akarudi usiku, na siku za mapumziko alitafuta cha kutengeneza hata kama hakijaharibika. Mimi nilikuwa wa kuhakikisha mambo ya nyumbani yanakwenda. Mdogo wangu, kitinda mimba, alikuwa na miaka 13, na hakumsumbua mtu. Tukashukuru kwamba angalau mtoto amelipokea vizuri.

Baada ya miezi kadhaa tumbo likaanza kumuuma. Asubuhi ya kwenda shule ungemkuta amejikunja kitandani, jasho linamtoka. Tulizunguka naye hospitalini, akapimwa damu, choo na mkojo, akapigwa picha ya ultrasaundi, na kila jibu lilirudi safi. Kuna watu walioanza kunong'ona kwamba anatega shule. Daktari aliyetusaidia hakuwa mmoja wao. Alituambia maumivu ya mtoto ni ya kweli, kwamba ubongo na utumbo vinawasiliana muda wote kupitia mishipa ya fahamu na homoni, na kwamba watoto wengi huzuni na hofu zao hujitokeza kwanza kwenye tumbo au kichwa. Akauliza kama kuna jambo lililotokea nyumbani. Mama akamweleza. Daktari akauliza tena, "Mmeshazungumza naye kuhusu kaka yake?"

Hakuna aliyekuwa na la kujibu. Toka siku ya mazishi, jina la kaka lilikuwa halijatajwa ndani ya nyumba ile.

Daktari akatushauri twende kwa mshauri nasaha, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Baba alisema mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Mama aliogopa watu watasema tumerukwa na akili. Walipokubali, mshauri wa kwanza tuliyempata hakutufaa. Alizungumza kuliko sisi. Alimwambia mama ajikaze kwa ajili ya watoto waliobaki, akamwambia mdogo wangu asiwaongezee wazazi mawazo, na mtoto akatoka pale amejifunga kuliko alivyoingia. Nalitaja hili kwa sababu najua familia zilizoishia kwenye mlango wa namna hiyo zikasema tumejaribu, haikusaidia. Mshauri akitoa hukumu kabla hajasikiliza, akachukua upande, au akashindwa kukueleza amesomea nini na nani humsimamia katika kazi yake, una haki ya kuaga na kutafuta mwingine. Watafiti wa tiba ya mazungumzo wamekuta mara kwa mara kwamba uhusiano kati ya mshauri na anayeshauriwa una uzito mkubwa katika kupona, mbinu iwe hii au ile.

Wa pili alikuwa mama wa makamo, mtulivu, asiye na haraka. Kabla ya yote alitueleza mipaka: tutakayoyasema ni siri, isipokuwa kama mtu yuko katika hatari ya kujidhuru au kumdhuru mwingine, au kama mtoto ananyanyaswa. Alisema pia kwamba hatambebea mtu siri dhidi ya mwenzake. Kisha akazungumza na mama peke yake, na baba peke yake. Nilidhani ni utaratibu tu. Baadaye nikaelewa alikuwa anachunguza kama kuna vipigo au vitisho nyumbani. Penye ukatili unaoendelea, kuwakalisha watu chumba kimoja na kuwaambia wafunguke ni kumweka hatarini anayeumizwa, maana atakachokisema anaweza kukilipia wakifika nyumbani. Hapo usalama wake hutangulia, na kikao cha pamoja hungoja, au hakifanyiki kabisa.

Aliporidhika, akasema anatutaka wote wanne.

"Mgonjwa ni mtoto," baba akasema. "Sisi tunakuja kufanya nini?"

Ni swali la haki, na wazazi wengi huliuliza. Nimesoma tangu wakati ule kwamba tiba ya familia yenyewe ilizaliwa kwa kulibishia wazo hilo. Katika miaka ya 1950 huko Marekani, daktari wa magonjwa ya akili Murray Bowen alifikia hatua ya kulaza hospitalini familia nzima pamoja na mgonjwa, ili aone kinachopita kati yao. Alichokiona yeye na wenzake wa kizazi kile ni kwamba dalili za mtu mmoja mara nyingi zina uhusiano na namna watu wote wa nyumba ile wanavyoishi pamoja: nani anasema na nani, nani ananyamaza, nani anamtuliza nani. Yule anayeletwa kama mgonjwa huenda ni yule tu ambaye mwili wake umeshindwa kuficha. Mshauri wetu hakutupa somo hili. Alimjibu baba kwa sentensi moja: "Mzee, nyinyi ndio mnaomjua huyu mtoto; mimi peke yangu sitaweza."

Kikao kile bado nakiona. Viti vilikuwa vingi kuliko sisi na hakutuambia tukae wapi. Mama alikaa upande mmoja, baba upande wa pili, mimi karibu na mlango, na mdogo wangu akajiweka katikati ya wazazi. Mshauri alituuliza habari za kawaida, kazi, shule, nani huamka wa kwanza. Halafu akamgeukia mdogo wangu na kumuuliza, "Mama akilia usiku, nani husikia wa kwanza?"

Mama akafungua mdomo kutaka kusema kwamba yeye halii usiku. Mdogo wangu akajibu, "Mimi."

"Ukisikia, unafanya nini?"

"Nasikiliza kama baba ameamka."

"Akiwa hajaamka?"

Akanyamaza kidogo. "Naenda kumwambia mama tumbo linauma. Halafu baba anaamka, wanakuja wote."

Hakusema kwamba alikuwa anadanganya, na mshauri hakumuuliza. Tumbo lilikuwa linauma kweli. Aliliminya mbele yetu wakati anaongea. Ila sasa sote tulilisikia jambo ambalo lilikuwa wazi mbele ya macho yetu: usiku wa tumbo ndio usiku pekee ambao wazazi wetu walizungumza. Walishauriana dawa, walipokezana kumkanda, na kwa saa moja au mbili walikuwa mume na mke tena. Salvador Minuchin, daktari mwenye asili ya Argentina aliyefanya kazi Philadelphia, aliwahi kueleza familia za aina hii, ambamo wazazi wasioweza kuukabili mgogoro wao wanakutana kwenye ugonjwa wa mtoto, bila mtu yeyote kupanga iwe hivyo. Mshauri alifanya jambo ambalo Minuchin naye alikuwa akilifanya sana: alimwomba mdogo wangu, kwa upole, abadilishane kiti nami, kisha akawaomba wazazi wageuze viti watazamane. Mtoto alipofika karibu na mlango alishusha pumzi kwa nguvu hadi sote tukamsikia.

Naamini tangu siku ile kwamba kazi kubwa ya ushauri wa familia ni kumtua mtoto mzigo ambao hakuna aliyemtwika kwa makusudi. Mengine yote yaliyofuata kwetu yalitokana na hilo.

Mzigo wenyewe ulikuwa nini? Ilichukua muda kuujua. Mama alitaka kumzungumzia kaka kila siku, na kila alipomwona baba anashika nyundo alijiambia mwanaume huyu hakumpenda mwanangu. Baba naye kila alipomwona mama analia alisikia lawama, kwa sababu siku homa ilipoanza ni yeye aliyesema tusubiri hadi asubuhi. Hakuwahi kulitamka. Aliamini mama analikumbuka na kwamba machozi yale yanamhusu yeye. Alipolisema kwenye kikao, kwa shida, akitazama sakafu, mama alimwangalia kwa mshangao wa kweli. Yeye usiku ule alikuwa amelala fofofo kwa uchovu, na alichokuwa anajilaumu muda wote ni usingizi wake. Watu wawili waliolala kitanda kimoja kwa zaidi ya mwaka, kila mmoja anajihukumu kwa usiku uleule, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye hakimu.

Mshauri aliwaacha walie. Hakukimbilia kuwafariji, na nadhani hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote aliyofanya. Walipotulia aliwaeleza kwa lugha nyepesi kitu ambacho watafiti wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut, walikichapisha mwaka 1999. Mfiwa huenda na kurudi kati ya mambo mawili: kuukabili msiba wenyewe, yaani kulia, kukumbuka, kutazama picha, na kujenga upya maisha, yaani kazi, majukumu, kujifunza kuishi bila aliyeondoka. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakoponya, na mtu anayebanwa upande mmoja tu ndiye huchoka. Nyumbani kwetu mama alikuwa amebebeshwa kulia kwote na baba kazi zote. Akawapa jambo la kufanya: jioni moja kwa wiki baba akae na mama watazame picha za kaka, na siku moja kwa wiki mama atoke nje ya nyumba na baba kwa shughuli yoyote isiyohusu msiba. Baba alilalamika kwamba hii ni kazi ya shule. Aliifanya.

Sitaki kuonyesha kwamba mambo yalinyooka. Kikao kimoja kilivunjika vibaya. Mama alimuuliza baba kwa nini hakulia mazishini, baba akasimama, akatoka, na kwa wiki kadhaa akakataa kurudi. Nilidhani ndio mwisho. Mshauri aliendelea nasi watatu, akatuambia kwamba familia imeshikamana kiasi kwamba mmoja akibadilika, wengine hawawezi kubaki vilevile. Alianza na mimi.

Mimi nilikuwa mjumbe wa nyumba. "Mwambie baba yako fedha za shule zinahitajika." "Mwambie mama yako nitachelewa." Walikuwa chumba cha pili na bado ujumbe ulipita kwangu, na katikati ya njia nikawa naulainisha, naondoa ukali, naongeza neno la heshima ambalo halikuwemo. Bowen aliliita jambo hili pembetatu: watu wawili wakizidiwa na mvutano, humvuta wa tatu ili mvutano upungue, na wa tatu ndiye hukosa usingizi. Mshauri aliniuliza, "Ukiacha kazi hii, unaogopa nini kitatokea?" Nikamjibu kwamba naogopa wataachana. Mama alikuwa amekaa palepale. Hakuwahi kujua kwamba nina hofu hiyo.

Kukataa kumbebea mzazi ujumbe si jambo jepesi kwa mtoto aliyelelewa kwa adabu. Tulitafuta maneno pamoja na mshauri: "Mama, hilo naomba umwambie baba mwenyewe, yupo sebuleni. Mimi nitakuwa jikoni." Mara ya kwanza nilipolisema mikono ilinitetemeka. Mama alinuna, akakaa, mwisho akaenda. Walizungumza dakika chache tu kuhusu fedha za shule. Lakini walizungumza.

Baba alirudi baada ya mshauri kukutana naye peke yake. Kikao kilichofuata mshauri alichukua karatasi kubwa na kuchora ukoo wetu, miraba kwa wanaume, duara kwa wanawake, mistari ya ndoa na uzazi, na alama ya mkato kwa waliofariki. Upande wa mama ulijaa haraka. Upande wa baba kulikuwa na duara moja ambalo mimi sikuwahi kulisikia.

"Huyu ni nani, mzee?"

"Dada yangu. Alikuwa ananifuata mimi."

Alifariki baba akiwa na miaka 12. Watu wazima walimwambia asilie kwa sababu atamuumiza bibi, na baada ya hapo jina la yule msichana halikutajwa tena nyumbani kwao. Baba alisema haya kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesoma tarehe. Mshauri aliweka kidole kwenye lile duara, kisha akakisogeza taratibu hadi kwa mdogo wangu. "Huyu naye alikuwa na miaka 13," akasema. Hakuongeza kitu. Baba alimtazama mwanawe muda mrefu, akamwambia, "Wewe ukitaka kulia, lia. Mimi nipo." Wala hawakukumbatiana kama unavyoweza kudhani. Mdogo wangu alitikisa kichwa tu kukubali. Wiki ile alimuuliza baba kaka alisema nini mara ya mwisho, na baba akamjibu.

Vitu vingine vilikuwa vya kawaida sana, na labda ndivyo vilivyotubeba zaidi. Mshauri alitufundisha kwamba mtu akipandwa na hasira, moyo ukaenda mbio na pumzi zikawa fupi, hawezi tena kusikiliza hata akitaka. John Gottman, mtafiti wa ndoa, anashauri mapumziko ya dakika 20 au zaidi ili mwili utulie kwanza. Baba alikuwa na mazoea ya kuondoka katikati ya ugomvi, na mama alikuwa anabaki hajui kama atarudi leo. Sasa baba bado anaondoka, ila husema, "Natoka, narudi baada ya nusu saa, tutaendelea." Na hurudi. Tofauti ya sentensi ile kwa mama siwezi kuieleza nikaimaliza.

Kuna pia mahali mazungumzo yalipofika kikomo. Tumbo la mdogo wangu lilianza kupungua, baba akawa anakaa nyumbani, na mama bado halali, hali, amekonda, anajiona hana maana. Mshauri hakung'ang'ana naye. Alimwandikia barua kwenda kwa daktari wa akili, ambaye alikuta ana sonona, ugonjwa ambao wengi huuita depression, na kumwanzishia dawa, akimweleza kwamba zitachukua wiki kadhaa kuleta nafuu na asiziache ghafla akijisikia vizuri. Daktari alitenganisha pia sonona na huzuni ya msiba iliyorefuka kupita kiasi, hali ambayo mwaka 2022 chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliiingiza rasmi katika mwongozo wake wa magonjwa: kwa mtu mzima huzingatiwa baada ya mwaka mmoja, kwa mtoto baada ya miezi 6, pale ambapo majonzi bado yamemshika mtu karibu kila siku hadi hawezi kuendesha maisha. Mama alipata ahueni kubwa kusikia kwamba alichonacho kina jina na kina tiba. Alikuwa ameshajiaminisha kwamba imani yake ni haba.

Nimesikia watu wakisema dawa ni kwa walioshindwa na mazungumzo ni kwa wenye fedha na muda. Kwa mama yangu vyote viwili vilikwenda pamoja. Dawa zilimpa nguvu ya kuamka na kuja kwenye kikao, na kikao kilimpa sababu ya kuendelea na dawa.

Mdogo wangu alirudi shule, kwanza nusu siku, baadaye siku nzima. Tumbo humrudia wakati wa mitihani na wakati wa kumbukumbu ya kifo cha kaka, na siku hizi husema mwenyewe, "Leo ni lile la huzuni," akajilaza kidogo, akaamka. Kaka tunamtaja. Wazazi bado wanagombana, baba bado hutafuta cha kutengeneza, na mimi na baba tuna mambo yetu ambayo hatujayafikia.

Mshauri alipotuaga alisema tunaweza kurudi wakati wowote, bila kusubiri mtu augue. Sasa mdogo wangu anajiandaa kwenda chuo mbali na nyumbani, na mama ameanza tena kuamka usiku. Mdogo wangu ndiye aliyeliona, akamwambia baba, na baba akapiga simu kuomba nafasi. Tunakwenda wiki ijayo, wote wanne. Mama anataka kuuliza atafanyaje na chumba kitakachobaki kitupu, na baba amesema yeye pia analo la kuuliza ila atalisema hukohuko.